Pumzi Iliyotupwa: Karne Mbili na Nusu za Kuhuisha Waliozama

Agosti 1767, wafanyabiashara na waungwana kadhaa wa Amsterdam walikaa kitako kuzungumzia aibu ya mji wao. Amsterdam ni mji wa mifereji. Ukitoka mlangoni usiku, hatua chache tu uko ukingoni mwa maji, na zama zile taa zilikuwa hafifu na kingo hazikuwa na vizuizi. Walevi walitumbukia, watoto walitumbukia, na ukungu ulipotanda hata mwenyeji aliweza kukosea njia. Waliokufa walikuwa wengi, lakini kilichowauma zaidi waungwana wale ni yaliyofuata baada ya mtu kuopolewa. Watu walimzunguka, wakamtazama, wakangoja mkuu wa serikali aje aseme kitu. Aliyemgusa aliogopa kushukiwa kwamba yeye ndiye aliyemsukuma. Mwenye nyumba aliogopa kuingiza maiti ndani. Basi mtu ambaye huenda roho yake ilikuwa bado imo alilala pale kwenye mawe hadi ikatoka kweli.

Wakaanzisha chama cha kuokoa wanaozama, ambacho kipo mpaka leo. Walitangaza tuzo ya fedha au nishani kwa atakayemrudishia uhai mtu aliyeopolewa majini, wakaahidi kumlipa gharama mwenye nyumba atakayempokea, kisha wakasambaza maelekezo. Kwa hesabu zao wenyewe, ndani ya miaka minne walikuwa wameokoa watu 150.

Maelekezo yale ukiyasoma leo utacheka, kisha utasita. Mvue nguo zilizolowa, mpashe joto, hata kwa kumlaza karibu na mtu mwenye afya. Msugue mwili. Mtekenye koo kwa unyoya. Mtoe damu. Weka mdomo wako kwenye mdomo wake, ziba pua, upulize. Halafu likaja lililopendwa kuliko yote: mpulizie moshi wa tumbaku katika njia ya haja kubwa.

Hili la mwisho tulitazame kwa karibu kidogo, maana halikuwa mzaha wa mtaani. Mwanzoni walitumia kiko cha kawaida: shina linaingizwa kunakohusika, bakuli lenye tumbaku inayowaka linafunikwa, na mwokoaji anapuliza kutokea upande wa pili. Baadaye mafundi wakatengeneza vifaa maalumu, vikiwa na mvukuto mdogo, kichomea tumbaku na mrija, vyote vimepangwa ndani ya sanduku safi la mbao. Masanduku ya aina hiyo yaliwekwa kando ya mito, kama tunavyoweka vizimamoto ukutani leo. Paris, kuanzia 1772, Philippe-Nicolas Pia alipanga vituo vya namna hiyo kando ya mto Seine. Na kwa elimu ya wakati ule mantiki ilikuwepo: aliyezama amepoa, tumbaku inapasha moto; amelala, tumbaku inaamsha. Madaktari waliokuwa na shahada zao waliamini hivyo kwa dhati.

Kwa hiyo katika orodha ile moja, dawa ya kweli ililala ubavuni mwa dawa ya uongo, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuzitofautisha. Mtu alifanyiwa yote. Akiamka, yote yalipata sifa.

Dawa ya kweli, ile ya kupuliza kwa mdomo, ilikuwa na historia yake hata kabla ya Amsterdam. Wakunga waliwapulizia vichanga waliozaliwa bila kulia tangu enzi ambazo hakuna aliyeandika tarehe. Mwaka 1732, katika mji wa Alloa huko Scotland, mchimba makaa ya mawe alitolewa mgodini baada ya kuzidiwa na moshi. Hakuwa na mapigo ya moyo wala pumzi. Daktari William Tossach alibandika mdomo wake kwenye wa mchimbaji, akapuliza, akagundua hewa inatokea puani, akaibana pua, akapuliza tena kwa nguvu mpaka kifua kikainuka. Papo hapo akahisi moyo umepiga haraka mara sita au saba. Saa chache baadaye mchimbaji yule alirudi kwake kwa miguu. Tossach aliyaandika hayo mwaka 1744, na mwaka uliofuata John Fothergill akayapeleka mbele ya Royal Society jijini London.

Fothergill alisema jambo ambalo lingestahili kuchongwa juu ya mlango wa kila chuo cha uuguzi. Alihoji kwamba pumzi ya mtu ni salama kuliko mvukuto, kwa sababu mapafu ya mtu yanaweza kustahimili nguvu ambayo mapafu ya mwenzake yanaweza kuitoa. Mvukuto hauna kipimo hicho. Waliomsikiliza walikubali kwa kichwa, na mambo yakaishia hapo.

London ilipata chama chake mwaka 1774. Daktari William Hawes alikuwa akiwalipa kutoka mfukoni mwake watu waliomletea walioopolewa kwenye mto Thames, akifanya hivyo ili kuwathibitishia wenye shaka kwamba baadhi wanarudi. Mwenzake Thomas Cogan alikuwa ametafsiri taarifa za Waholanzi. Wakawaita marafiki kwenye mkahawa mmoja wa kahawa, na hapo ndipo ilipozaliwa jumuiya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Royal Humane Society. Wavushaji wa mto na wenye vilabu vya pombe vya kando ya maji ndio waliokuwa askari wake wa mstari wa mbele. Inasimuliwa kwamba tuzo ilipotangazwa, wajanja walianza kushirikiana: mmoja anajitupa mtoni, mwingine anamwokoa, fedha wanagawana kilabuni. Penye tuzo hapakosi ujanja.

Hapa ndipo pumzi ilipoanza kusukumwa pembeni. Mwaka 1776 John Hunter, mpasuaji mwenye jina kubwa Uingereza, aliandika akipendekeza mvukuto, akapinga pia kuwatoa damu waliozama, na katika hilo la pili alikuwa sahihi. Miaka hiyohiyo wanakemia walikuwa wamegundua oksijeni na kuonyesha kwamba hewa tunayoitoa si sawa na tunayoivuta. Watu wakafikia hitimisho la haraka: hewa iliyokwisha kutumika ni taka, ya nini kumpa mgonjwa taka? Juu ya hilo kulikuwa na kinyaa, ambacho vitabu havikitaji sana ingawa nadhani ndicho kilichokuwa na nguvu kuliko yote. Kubandika mdomo kwenye mdomo wa mtu usiyemjua, aliyejaa matope na matapishi, lilionekana jambo la wakunga na watu wa chini. Mvukuto ulikuwa na heshima, nao ulining'inia ukutani.

Kisha mvukuto nao ukaanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1820, Leroy d'Etiolles wa Ufaransa alionyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba mvukuto ukisukumwa kwa nguvu unapasua mapafu na kuua. Kabla yake, mwaka 1811, Benjamin Brodie alikuwa ameonyesha kwamba sumu ya tumbaku yenyewe huua mnyama, na masanduku ya moshi yakaanza kuondolewa taratibu. Fothergill alikuwa ameonya juu ya mvukuto zaidi ya miaka 80 kabla, lakini hakuna aliyegeuka nyuma kuokota kile alichokipendekeza badala yake. Walitupa mvukuto, na wazo zima la kumpulizia mtu hewa likaenda nao.

Zaidi ya karne nzima iliyofuata ilikuwa ya mikono, nami nitaipita kwa haraka kwa kuwa ni hadithi ileile inayobadilisha nguo. Marshall Hall, mwaka 1856, alimgeuzageuza mgonjwa kutoka ubavu hadi tumbo. Henry Silvester, miaka miwili baadaye, alimlaza chali akamwinua mikono. Edward Schafer, mwaka 1903, alimlaza kifudifudi akamkandamiza mgongo. Holger Nielsen wa Denmark, mwaka 1932, aliunganisha kukandamiza mgongo na kuinua viwiko. Kila njia ilikuwa na wafuasi, vyeti na picha za kuelekeza ukutani. Maskauti na polisi wa nchi nyingi, zikiwemo zilizokuwa chini ya Waingereza, walijifunza njia hizi kwa moyo.

Swali moja lilibaki bila jibu la uhakika: kwa mtu aliyezirai, hewa inaingia?

Jibu lilianza kwenye wodi ya polio huko Minneapolis mwaka 1946. Daktari wa usingizi James Elam alimkuta mtoto aliyebadilika rangi kuwa ya bluu akikimbizwa kwenye ujia wa hospitali. Hakusubiri chombo. Alipuliza kupitia pua ya mtoto, na rangi ikarudi. Baadaye alipima jambo lenyewe kwa wagonjwa waliokuwa wamelazwa usingizi wa upasuaji, akathibitisha kwamba hewa itokayo kwa mwokoaji ingali na oksijeni ya kutosha. Hewa tuivutayo ina oksijeni asilimia 21. Tuitoayo ina kama asilimia 16 au 17. Ile “taka” ya karne ya 18 ilikuwa inatosha kabisa kumweka mtu hai.

Mwaka 1956 Elam alikutana na Peter Safar kwenye mkutano wa madaktari, wakarudi pamoja kwa gari kutoka Kansas City, safari ndefu, wakizungumza habari hiyo njia nzima. Safar, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa daktari wa usingizi Baltimore, alifanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa asubuhi na mapema. Aliwaomba watu wajitolee, wengi wao wakiwa madaktari na wanafunzi wa udaktari. Akawalaza kwa dawa, kisha akawapa dawa ya kulegeza misuli ili wasiweze kupumua kabisa. Hapo akawaita watu wa kawaida wasio na utaalamu, akawaambia wajaribu njia za mikono, halafu wajaribu mdomo.

Matokeo yalikuwa ya kuaibisha. Kwa njia za mikono zilizofundishwa kwa karne nzima, wengi hawakupata hewa ya maana, na baadhi hawakupata hata kidogo. Sababu ilikuwa ndogo na ya wazi: mtu akizirai ulimi hulegea, ukaziba njia ya koo. Unaweza kukandamiza mgongo mpaka jua lichwe, mlango umefungwa. Safar aliinamisha kichwa nyuma, akainua taya, njia ikafunguka, na pumzi ya mtu asiye na mafunzo ikakiinua kifua. Majaribio hayo yalichapishwa mwaka 1958. Miaka miwili baadaye, watafiti watatu wa Johns Hopkins, wakiongozwa na mhandisi wa umeme aitwaye William Kouwenhoven, walionyesha kwamba moyo ukisimama, damu inaweza kusukumwa kwa kukandamiza kifua kwa mikono miwili. Hapo ndipo pande mbili, pumzi na msukumo, zilipoungana.

Lakini utawafundishaje mamilioni ya watu kubandika mdomo kwenye mdomo bila kuwafanya waone kinyaa? Huko Stavanger, Norway, alikuwepo mtengenezaji wa vinyago vya watoto, Åsmund Laerdal. Mwanawe mdogo alikuwa amenusurika kufa maji katikati ya miaka ya 1950. Baba mwenyewe ndiye aliyemnyanyua na kumtoa maji. Alipoombwa atengeneze mwanasesere wa kufundishia, hakuhitaji kushawishiwa. Aliamua awe wa kike, kwa hoja kwamba wanaume wa siku zile wangeona haya kubusu sura ya mwanamume. Sura aliichukua kutoka kwenye kinyago cha plasta alichokiona kikining'inia ukutani nyumbani kwa jamaa: uso wa msichana asiyejulikana ambaye, kwa masimulizi ya Paris, aliopolewa mto Seine mwishoni mwa karne ya 19. Watu wengi wana shaka na masimulizi hayo, nami ni mmoja wao, kwa sababu uso wa mtu aliyelala majini hauwi laini namna ile. Vyovyote iwavyo, kuanzia mwaka 1960 uso huo umepulizwa na watu wasiohesabika. Ndiye Anne unayemkuta ametandazwa sakafuni kwenye kila darasa la huduma ya kwanza, kuanzia Oslo hadi Dodoma, akiwa na spring kifuani ambayo Safar alishauri iongezwe.

Hospitalini kulikuwa na upotofu wa aina nyingine. Kwenye miaka ya 1940 majaribio ya mbwa yalionyesha kwamba maji baridi ya mtoni yakijaa mapafuni huingia kwenye damu na kuivuruga hadi moyo unatetemeka bila mpangilio, ilhali maji ya chumvi hufanya kinyume. Basi madaktari wakagawanya waliozama makundi mawili na kuhangaika na chumvi za damu. Miaka ya 1960 Jerome Modell wa Marekani alipima wagonjwa halisi, akaona kwamba binadamu wengi huvuta maji machache mno kuliko wale mbwa waliojazwa kwa makusudi. Chumvi ya damu ilikuwa karibu ya kawaida. Kilichokosekana ni oksijeni.

Tangu hapo mfuatano unaeleweka vizuri. Mtu anayezama hubana pumzi kadiri awezavyo, kisha huvuta maji. Maji kidogo tu yanatosha kuosha ule ute unaozuia vifuko vya hewa visinyauke. Vikinyauka, damu inapita mapafuni bila kuchukua oksijeni. Povu linajaa. Mtu anazirai, anaacha kupumua, na baada ya dakika chache moyo unapungua kasi hadi unasimama. Moyo ndio wa mwisho kuondoka. Hii ni tofauti kubwa na yule anayeanguka ghafla sokoni kwa shambulio la moyo, ambaye damu yake bado imejaa oksijeni.

Aliyeuweka mfuatano huo kwenye tarakimu ni Mbrazili David Szpilman. Fukwe za Rio de Janeiro zina waokoaji na kituo cha kitabibu cha waliozama, na yeye alichambua kumbukumbu za wagonjwa 1,831 wa kuanzia 1972 hadi 1991. Mwaka 1997 alichapisha ngazi zake sita. Anayekohoa tu na mapafu safi yuko ngazi ya kwanza, na hakuna aliyekufa. Wenye mkoromo kidogo mapafuni, walikufa asilimia 0.6. Mwenye povu jingi lakini presha nzuri, asilimia 5.2, povu pamoja na presha kushuka, 19.4. Aliyeacha kupumua lakini moyo unapiga, 44. Ambaye moyo pia umesimama, 93.

Tazama hizo mbili za mwisho. Kati ya 44 na 93 hakuna dawa wala mashine. Pana dakika kadhaa tu, na mtu mmoja aliyekuwepo au asiyekuwepo wa kupuliza. Ndiyo maana waokoaji wenye ujuzi hufundishwa kuanza kupuliza wakiwa bado majini, na wakikuta povu linafoka mdomoni hawapotezi muda kulifuta. Wanapuliza juu yake. Kumkandamiza tumbo maji yatoke, jambo ambalo Henry Heimlich wa Marekani alilipigia debe kwa miaka mingi, kumekataliwa na wataalamu: kunachelewesha pumzi na kunaleta matapishi yanayoingia mapafuni.

Watu husimulia pia miujiza ya baridi. Mei 1999, Anna Bågenholm, daktari kijana wa Kiswidi, alianguka akiteleza kwa ski karibu na Narvik, Norway, akanasa chini ya barafu ya kijito kwa dakika 80. Alipofikishwa Tromsø kwa helikopta, joto la mwili lilikuwa nyuzi 13.7 na moyo ulikuwa umesimama. Walimpasha damu taratibu kwa mashine ya moyo na mapafu, na mwishowe alirudi kazini kwake hospitalini. Ubongo wake ulikuwa umepoa kabla haujakosa oksijeni. Maji ya Ziwa Victoria, yenye nyuzi 24 hivi, hayampi mtu zawadi hiyo.

Mwaka 2002 wataalamu walikutana Amsterdam, mji uleule, wakakubaliana kwamba kuzama ni tukio la pumzi kuzuiwa na kimiminika, awe mtu amekufa au amepona. Majina ya zamani ya “kuzama kukavu” na “kuzama kwa pili” yakaachwa, ingawa bado yanatisha wazazi mitandaoni. Wodini kazi ikabaki ileile: oksijeni mapema, mashine ya kupumulia yenye kuacha shinikizo kidogo ili vifuko visijifunge, na uangalizi wa saa kadhaa hata kwa aliyeamka anazungumza. Antibiotiki za kukinga hazitolewi ovyo.

Pumzi ilikaribia kutupwa tena mwaka 2008. Ili kuwavutia wapita njia wanaoogopa mdomo, American Heart Association ilipitisha kukandamiza kifua pekee kwa mtu mzima anayeanguka ghafla. Ushauri huo ni mzuri kwa shambulio la moyo, lakini ulienea bila masharti yake, na watu wengi wakaamini kwamba kupuliza kumefutwa kwa kila mtu. Miongozo ya 2010 iliweka wazi kwamba aliyezama anaanziwa na hewa, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2024 ulilazimika kulisisitiza hilo kwa mara nyingine.

Kwetu jambo hili si la vitabuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 walikufa maji watu 300,000 duniani, na Afrika ina viwango vya juu kuliko kanda nyingine. Meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996, kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018: majina yanajulikana. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, kama vile London ya Hawes ilivyowategemea wavushaji wa Thames. Kwa watu kama hao mabishano ya sasa ya wataalamu ni ya idadi tu. Ulaya wanataka pumzi tano za kwanza kabla ya kugusa kifua, Marekani wanasema mbili, kisha pande zote mbili wanaendelea na misukumo 30 kwa pumzi mbili. Hakuna jaribio lililowahi kuamua ipi ni bora, na si rahisi kuona jinsi jaribio kama hilo lingefanyika ufukweni. Mkufunzi wa Mwanza anaweza kuchagua yoyote kati ya hizo mbili akafundisha.